Pima Kwanza: Majibu ya Barua Zenu Kuhusu Mboga, Jiko na Fedha za Nyumbani

Barua nyingi za mwezi huu zimeleta kilio kimoja kwa sura tofauti: hela inaingia, haikai. Tumechagua sita. Mtaona kwamba karibu kila jibu linaanza kwa kuomba mzani, kopo la lita moja au kalamu, kwa sababu nyumba nyingi zinabana pasipovuja na kuacha wazi panapovuja.

Viroba viwili vya mboga, vyote vimekauka

*Naishi Mbagala, nyumba ya kupanga, uani ni sakafu tupu. Kila siku natoa Sh 1,000 ya mboga za majani gengeni. Nilijaza viroba viwili udongo na samadi ya kuku, nikapanda sukuma wiki juu na pembeni. Miche ya juu iliungua baada ya siku tano, ya pembeni ikanyauka ingawa namwagilia kila siku. Maji nanunua kwa jirani, ndoo Sh 100. Nimekosea wapi?* (Mama wa watoto watatu, Dar es Salaam)

Dada yetu, hayo ni makosa mawili na kila moja lina sababu yake. Miche ya juu imeunguzwa na samadi mbichi. Samadi ya kuku ina naitrojeni nyingi kuliko ya ng'ombe au mbuzi. Ikiwa haijaoza hutoa joto na amonia, na mizizi michanga haiyavumilii. Itambue kwa pua: ikinuka mkojo, bado. Irundike kivulini, ilowanishe kidogo, ifunike kwa turubai au majani ya mgomba, uigeuze kila wiki kwa wiki sita hadi nane. Ikiiva inakuwa nyeusi, inamumunyuka mkononi, na harufu yake ni ya ardhi iliyonyeshewa.

Miche ya pembeni imekufa kwa kiu huku unaimwagilia. Udongo wa Mbagala ni kichanga. Maji yakimwagwa juu hujitafutia njia moja, yakateremka moja kwa moja na kutokea kitakoni, na pembeni kukabaki pakavu kama unga. Dawa yake ni mhimili wa mawe katikati ya gunia, unaoyapokea maji na kuyagawa kila upande.

Tafuta gunia la kilo 100 lililokuwa la mahindi au mchele, siyo la mbolea ya chumvichumvi wala dawa. Liweke mahali litakapokaa siku zote, maana likijaa halinyanyuliki, na chini yake panga matofali manne ili kitako kisiive kwenye sakafu iliyopigwa na jua. Changanya ndoo tatu za udongo na ndoo moja na nusu ya samadi iliyoiva. Kama udongo wako ni mchanga mtupu, ongeza nusu ndoo ya udongo wa mfinyanzi au wa kichuguu ushike maji. Chukua kopo la sado la lita nne, likate kitako, lisimamishe katikati ya gunia, ulijaze vipande vya tofali la kuchoma vyenye ukubwa wa yai. Kokoto zinafaa, ila tofali la kuchoma linanyonya maji na kuyaachia polepole, kwa hiyo kwenye kichanga tunalipendelea. Jaza udongo kuzunguka kopo hadi ulingane na ukingo wake, kisha livute juu taratibu. Mawe yanabaki yamesimama. Rudia hivyo hadi libaki shubiri moja kufika mdomoni. Mawe yote yatakuwa kama ndoo moja.

Usipande siku hiyo. Mwagilia kwa siku tano hadi saba. Udongo utashuka, ongeza mwingine. Ukipanda kabla haujashuka, miche ya pembeni itavutwa ndani na kukatika shingo. Baada ya hapo toboa pembeni vitundu vya kupitisha vidole viwili, safu ya kwanza shubiri moja kutoka chini, kisha safu mbili juu yake, kila kitundu sentimita 20 kutoka mwenzake, na safu zipishane ili mche wa juu usiufunike wa chini. Zitaingia tundu sita kila safu, yaani 18, na miche sita juu. Jumla ni 24. Mtu anaweza kubana hadi 40, lakini atavuna vijani vidogo na kulipia maji yaleyale. Hamishia miche jioni, ikiwa na majani manne, na mizizi iingie yote ndani bila kukunjwa.

Maji ni lita tano asubuhi na tano jioni wakati wa jua kali, yamwagwe kwenye mawe kwa kopo, taratibu, siyo ndoo nzima kwa mkupuo. Siku za mawingu, choma kidole kwenye tundu la pembeni hadi pingili ya pili. Kikitoka na udongo uliogandamana, ruka zamu hiyo. Maji ya kuoshea mchele na mboga ni mazuri. Ya kusuuzia nguo, yale ya mwisho tu, tena chini kwenye udongo na siyo kwenye majani. Yenye jiki usiyatumie kabisa.

Sasa mboga gani? Hapa tunakusihi using'ang'anie sukuma wiki mwaka mzima. Ni mmea wa baridi. Dar es Salaam inakubali vizuri Juni hadi Agosti, lakini kuanzia Desemba hadi Machi inadumaa na kuvamiwa na wadudu. Miezi hiyo panda matembele. Omba vikonyo vya sentimita 30 kwa jirani, ondoa majani ya chini, uvichomeke nusu kwenye udongo; wiki ya tatu au ya nne unaanza kuchuma, na kadiri unavyokata ncha ndivyo yanavyotoa machipukizi. Juu ya gunia mwaga mchicha: mbegu zake ni ndogo mno, zichanganye na mchanga mkavu mara tano yake, ufukie kwa unene wa ganda la yai tu. Ukizika kwa kina cha kidole hazioti, na watu hudhani wameuziwa mbegu mbovu.

Hesabu yako iko hivi. Mmea wa sukuma ukishakomaa unatoa majani mawili au matatu kwa wiki ukiuachia matano ya juu. Mimea 24 ni kama majani 60, yaani mlo wa siku mbili kwa watu watano. Magunia mawili yanakupa siku nne kwa wiki, siyo saba. Kwa Sh 1,000 kwa siku, hiyo ni karibu Sh 17,000 kwa mwezi. Maji ni lita 20 kwa siku, ndoo moja, Sh 3,000 kwa mwezi. Unabaki na kama Sh 14,000. Siku jirani akifunga bomba ukanunua kwa mkokoteni Sh 500 ndoo, maji peke yake yatakuwa Sh 15,000 na karibu faida yote imekwenda. Wakati huo bakiza gunia moja na ulimwagilie kwa maji ya jikoni.

Vijidudu chini ya majani ya sukuma

*Majani yanajikunja na chini yake kuna vijidudu vya kijivu vimebanana kama unga. Nimepuliza maji ya sabuni ya unga, majani yakaungua.* (Msomaji, Morogoro)

Hao ni vidukari, wengine huwaita wadudu mafuta. Sabuni ndiyo dawa yao, lakini siyo ya unga. Ile ina magadi na viongezo vya kung'arisha nguo ambavyo hubabua jani. Tumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji, au kipande cha sabuni ya mche kilichokwanguliwa kikajaza kijiko hichohicho. Mdudu hufa pale tu sabuni inapomgusa na kumziba pumzi, kwa hiyo kupuliza juu ya jani ni kazi bure. Geuza jani, puliza chini hadi lichuruzike, jioni jua likishapoa. Rudia baada ya siku nne, mara tatu, maana watoto wanaozaliwa kesho hawajaguswa na dawa ya leo.

Angalia pia sisimizi. Wakipanda na kushuka kwenye shina, wanawalinda vidukari ili walambe utomvu wao mtamu. Zungushia majivu makavu chini ya shina na uyabadilishe yakilowa.

Mwarobaini unasaidia zaidi kwa viwavi. Mbegu zilizokaushwa kivulini gramu 50, zitwange, loweka kwenye lita moja ya maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia matone ya sabuni, puliza jioni hiyohiyo. Jua huivunja nguvu haraka, na ikilala siku ya pili haifai. Usitegemee mdudu adondoke papo hapo. Anaacha kula kwanza, anakufa baadaye. Mboga ioshwe vizuri kabla ya kupikwa.

Gesi inaisha mbio, turudi kwenye mkaa?

*Tuko Tabata, watu sita. Mtungi wa kilo 6 tunajaza kwa Sh 24,000 na unakaa wiki tatu. Mke wangu anasema mkaa ni nafuu; tunanunua ndoo Sh 6,000. Maharage tunapika mara tatu kwa wiki. Nani yuko sahihi?* (Baba wa familia, Dar es Salaam)

Ndugu yetu, mkeo hajakosea, ila hesabu inategemea jiko alilonalo. Kilo moja ya gesi ina nishati ya karibu megajuli 46, na jiko la gesi linaingiza kama asilimia 55 ya joto hilo kwenye sufuria, yaani 25 hivi. Kilo moja ya mkaa mkavu ina karibu megajuli 29. Jiko la bati lisilo na udongo ndani linaingiza kama asilimia 20, yaani 6. Joto lingine linapotelea ubavuni. Kwa hiyo kilo moja ya gesi inafanya kazi ya kilo nne za mkaa, na mtungi wako ni sawa na kilo 24.

Ndoo ya lita 20 ya mkaa mkavu ina kama kilo 5. Yako ipime, maana vipande vikipangwa vikubwavikubwa vinaacha uwazi mwingi katikati, na mkaa uliolowa unauziwa maji. Kilo 24 ni karibu ndoo tano, Sh 28,800. Hapo gesi inashinda. Lakini kwenye jiko banifu lenye kikombe cha udongo wa kuchoma, asilimia inapanda hadi 30 hivi. Kilo 17 za mkaa zinatosha kazi ileile, kama Sh 20,400. Hapo mkaa unashinda, kwa karatasi.

Tunasema kwa karatasi kwa sababu mkaa hauzimiki ukishamaliza. Ukiwasha jiko kwa ajili ya chai na mayai, unalipia dakika kumi za kazi na saa nzima ya makaa yanayoungua bila sufuria juu. Gesi unaifunga. Basi ushauri wetu ni huu: chai, uji, mboga na kupasha moto viwe vya gesi. Mkaa kwenye jiko banifu utumike siku ya maharage, makande au kongoro, tena jiko likiwashwa lipikiwe vitu viwili au vitatu mfululizo. Jiko la mkaa likae nje au penye hewa inayopita. Usiliingize chumbani kupasha joto usiku hata likiwa halitoi moshi. Hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, na inaua watu usingizini.

Ila kabla ya kubadili chochote, tazama hayo maharage. Yanayopikwa makavu yanaweza kula saa mbili na nusu za moto. Chambua, osha, loweka saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya. Muda unapungua kwa theluthi hadi nusu. Nyanya na ndimu vitiwe yakishaiva, kwa sababu asidi inakaza ganda. Magadi yanalainisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B1. Kama maharage ni mazee mno tia ncha ya kijiko, siyo kijiko kizima. Na nunua maharage ya msimu. Yaliyokaa mwaka mzima stoo yanakuwa magumu kiasi kwamba bei rahisi ya gengeni unairudisha yote jikoni.

Njia inayookoa kuliko zote ni kapu la joto. Chukua tenga au boksi kubwa, tandika chini na pembeni blanketi kuukuu au mito ya pamba, pabaki nafasi ya sufuria tu. Maharage yaliyolowekwa yachemke kwa nguvu dakika 15 hadi 20, mfuniko ukiwa umefungwa. Hamisha haraka kapuni, funika juu kwa mto mzito, acha saa nne. Kisha rudisha motoni yachemke tena kabla ya kuunga. Usipunguze zile dakika za mwanzo: maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoharibika kwa kuchemka tu, wala siyo kwa uvuguvugu. Sufuria iwe imejaa angalau theluthi mbili, kwani ya nusu inapoa mapema, na maji yapunguze kwa robo, kwani hakuna mvuke unaotoka.

Kuhusu mtungi wenyewe: ubavuni au shingoni umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Ukinunua, upimwe mbele yako. Uzito wote ukitoa ule ulioandikwa lazima ubaki kilo 6. Moto wa njano unaoacha masizi kwenye sufuria maana yake matundu ya jiko yameziba kwa uji au mafuta. Yasafishe kwa brashi kavu na sindano. Na kila ukibadili mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na regulata. Povu likichemka, funga na usiwashe kitu chochote, hata taa.

Uniti za LUKU zinaisha, sijui kinachokula ni nini

*Nina friji, pasi, hita ya maji ya kuchomeka, televisheni na taa.* (Msomaji, Arusha)

Soma mita usiku kabla ya kulala, chomoa vyote uache friji peke yake, soma tena asubuhi. Tofauti hiyo igawe kwa saa zilizopita, zidisha kwa 24, umepata ulaji wa friji kwa siku. Ikizidi uniti mbili kwa friji ya kawaida ya nyumbani, bana karatasi mlangoni. Ikivutika bila kushika, mpira umekufa na baridi inatoka usiku kucha. Isogeze pia kiganja kimoja kutoka ukutani ipumue. Lakini kwa Arusha tunashuku hita kwanza. Kupasha ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 18 hadi 40 ni kama nusu uniti. Watu watano kila asubuhi ni uniti 75 kwa mwezi. Ndoo nusu kwa kila mtu inazileta chini ya 40. Pasi ya wati 1,000 ikikaa moto saa nzima haili zaidi ya uniti moja, kwa hiyo nyoosha nguo za wiki kwa mkupuo mmoja.

Nimeingia mkopo wa kausha damu, natokaje?

*Mume wangu ni bodaboda Mwanza. Baada ya mafuta na hesabu ya tajiri anarudi na Sh 12,000, siku nzuri 25,000. Januari tulikopa Sh 300,000 ya mambo ya shule. Walikata 30,000 ya fomu, na tulirejesha 15,000 kila siku kwa siku 26. Tukakopa tena kufunga pengo. Sasa ni Aprili.* (Mama wa watoto wanne)

Mama, tuanze na kile ulicholipa, kwa sababu mkopeshaji hakukuonyesha. Mkononi ulipokea 270,000. Ulirudisha 390,000. Gharama ni 120,000 kwa mwezi mmoja. Tena fedha yenyewe hukukaa nayo mwezi mzima: kufikia siku ya 13 nusu ya marejesho ilikuwa imekwisharudi kwao. Kwa wastani ulikuwa umeshika kama 135,000 tu. Ni karibu shilingi kwa shilingi. Ndiyo maana pengo lilitokea. Siyo uzembe wenu.

Kwanza, usikope wa tatu kulipa wa pili. Omba kwa maandishi jumla inayodaiwa na tarehe, tunza kila risiti, na uulize leseni yao: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni ya Benki Kuu. Kadi ya benki na namba ya siri haziachwi kwa mkopeshaji yeyote. Kama kuna kitu nyumbani kisichotumika, kiuzwe leo kipunguze deni. Kila siku unayoifuta inakurudishia 15,000, na hakuna akiba inayolipa hivyo.

Halafu bajeti. Kwa kipato cha kila siku usipange kwa wastani, panga kwa siku mbaya. Andika siku 14 mfululizo alichorudi nacho, chukua tatu za chini kabisa, zitafutie wastani. Ikiwa ni 12,000, chakula, maji na nauli za watoto viishie humo. Siku akija na 20,000, zile 8,000 si za kula. Nusu iende kodi na shule, robo pikipiki, robo siku za mvua na za kuumwa. Robo ya pikipiki wengi huiacha, kisha tairi au mnyororo ukikatika ndipo wanaporudi kwa mkopeshaji.

Januari haiji ghafla. Ada katika shule za serikali, msingi hadi kidato cha nne, zilishafutwa, kwa hiyo orodha yenu ni sare, viatu, madaftari, mabegi, michango na nauli. Iandikeni sasa mtoto kwa mtoto kwa bei ya sokoni. Ikifika 360,000, kutoka sasa hadi Desemba mna miezi tisa ya siku 26 za kazi, siku 234. Ni kama Sh 1,540 kwa siku, moja ya kumi ya rejesho lile mlilokuwa mnalimudu kwa machozi.

Hizo zisikae kwenye laini mnayotumia kila siku. Kutoa kuna makato, na laini yenye deni la kukopeshwa na mtandao inameza kila kinachoingia. Mahali pazuri ni kikoba kinachovunjwa Desemba, wiki chache kabla shule hazijafunguliwa. Kabla ya kuingia hakikisha kimesajiliwa halmashauri, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na hesabu zinasomwa mbele ya wote kila kikao. Mkikwama, 300,000 ya kikoba kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi juu ya deni lililobaki, ikirudishwa 100,000 kila mwezi, ni riba ya 30,000, kisha 20,000, kisha 10,000. Jumla 60,000 kwa miezi mitatu, na sehemu ya riba hiyo inarudi kwenu siku ya kugawana.

Mahindi ya Julai yamekuwa unga wa wadudu Desemba

*Nilinunua magunia matatu Kibaigwa bei ikiwa chini, nikayaweka stoo Dodoma mjini. Yametobolewa yote. Nataka mwaka huu ninunue ya mwaka mzima.* (Baba wa watu sita)

Wazo ni zuri sana, kwani bei ya mavuno na bei ya Februari ni vitu viwili. Ila jua kwanza unahitaji kiasi gani. Pima unga mnaotumia kwa siku 14. Nyumba inayotumia kilo 2 kwa siku inahitaji kilo 730 kwa mwaka. Gunia la kilo 100 likikobolewa linatoa sembe kilo 70 hadi 75, kwa hiyo ni magunia kumi. Likisagwa dona, linatoa zaidi ya 95, na manane yanatosha. Nunua kwa mzani, siyo kwa lumbesa au debe.

Kisha unyevu. Jaza theluthi moja ya chupa kavu ya kioo kwa mahindi, tia kijiko cha chumvi iliyokaushwa juani, funga, tikisa kwa dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu uko juu ya asilimia 15. Isipoganda, usiridhike bado, kwani ya kuhifadhi inatakiwa 13 hivi. Anika siku moja au mbili zaidi juu ya turubai, siyo ardhini, uanue kabla ya umande. Pepeta, chambua yenye ukungu, yaliyovunjika na yaliyobadilika rangi. Usiwape kuku wala ng'ombe wa maziwa. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliua watu Dodoma na Manyara, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Kukoboa kunaipunguza kwa kuwa nyingi iko kwenye ganda na kiini, kwa hiyo anayekula dona lazima awe mkali zaidi katika kuchambua.

Aliyetoboa mahindi yako huenda ni dumuzi, ambaye wakulima humwita Skania, mdudu wa Amerika ya Kati aliyeanza kuonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Anapenya gunia la kawaida na hata mbao. Tumia mifuko ya PICS, inayoitwa pia kinga njaa: mifuko miwili ya plastiki nzito ndani na mmoja wa nje. Kabla ya kujaza, puliza hewa kila wa plastiki, ubane, usikilize. Ikisikika inatoka, umetoboka. Jaza, shindilia kwa mikono hewa itoke, sokota mdomo wa kwanza, ukunje, funga kwa kamba ya mpira. Kisha wa pili, kisha wa nje, kila mmoja peke yake. Kuifunga yote kwa pamoja ndiko kunakoiharibu kazi. Wadudu walioingia na mahindi wanamaliza hewa ndani na kufa, kwa hiyo dawa ya unga haihitajiki.

Panga juu ya mbao, nusu mita kutoka ukutani. Panya akitoboa mfuko hewa inaingia, na wadudu wanaishi. Fungua mfuko mmoja tu kwa wakati, chota ya wiki mbili, ufunge tena safu zote tatu. Na vile vidonge vya kufukiza vinavyouzwa sokoni visiingie ndani ya nyumba mnayolala: gesi yake ni fosfini, inapita chini ya mlango, na watoto ndio inaowamaliza kwanza.